Kuhamia na Mbwa au Paka Kwenye Kondominiamu ya Wastaafu Nchini Marekani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Maswali ya watu wanaojiandaa kuhamia, au kuwahamishia wazazi wao, kwenye kondominiamu za wastaafu nchini Marekani, yaani majengo ambamo kila mtu anamiliki fleti yake na sehemu nyingine ni mali ya pamoja, ni yale yale kila mara. Je, mbwa wa mama ataruhusiwa? Je, atapimwa uzito? Mjukuu akija likizo na paka wake, tutatozwa faini? Na barua ya daktari inayosema kwamba mgonjwa anamhitaji mnyama wake, inamaliza kila kitu? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kabla hujalipa arbuni mpaka mnyama atakapokuwa amezoea lifti na majirani. Msisitizo wangu mkubwa uko kwenye hatua tatu za mwanzo, kwa sababu migogoro mingi ya wanyama kwenye majengo haya haianzi na kubweka wala na kinyesi, bali huanza na mtu aliyenunua fleti kwa ahadi ya mdomo.

Mambo mawili ya kufahamu kwanza

La kwanza ni umri. Sheria ya shirikisho ya haki ya makazi ya mwaka 1968, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1988, ilikataza kuwabagua watu wenye ulemavu na familia zenye watoto, lakini ikaacha nafasi maalumu kwa makazi ya wazee. Kwa mujibu wa sheria nyingine ya mwaka 1995, jumuiya inayojitambulisha kuwa ya watu wa miaka 55 na zaidi lazima ihakikishe kwamba angalau asilimia 80 ya fleti zinazokaliwa zina mtu mmoja au zaidi aliyefikisha umri huo, iwe na sera zinazoonyesha nia hiyo, na ithibitishe umri wa wakazi wake kwa kumbukumbu zinazohuishwa angalau kila baada ya miaka miwili. Ipo pia aina ya pili, ambamo kila mkazi lazima awe na miaka 62 au zaidi. Ndiyo maana utaombwa nakala ya kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, na si busara kulichukulia ombi hilo kuwa ni dharau.

La pili ni ngazi za nyaraka. Juu kabisa kuna sheria za shirikisho na za jimbo. Chini yake kuna tamko la kondominiamu, yaani hati inayoianzisha na kuweka masharti yake ya msingi, ambalo huandikishwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti, kisha katiba ya chama cha wamiliki, na mwisho kanuni za matumizi zinazotungwa na bodi. Tofauti yake kiutendaji ni kubwa: tamko kwa kawaida haliwezi kubadilishwa bila kura ya wamiliki wengi, ilhali kanuni za matumizi bodi inaweza kuzibadilisha kwenye kikao chake. Kwa hiyo ruhusa ya kufuga iliyoandikwa ndani ya tamko ina nguvu kuliko ruhusa iliyomo kwenye kijitabu cha kanuni unachopewa mapokezi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala kamili ya tamko, katiba ya chama na kanuni za matumizi, pamoja na marekebisho yote yaliyofanywa baadaye. Marekebisho mara nyingi ni karatasi moja iliyotengwa peke yake, na ndiyo inayosahaulika.
- Kumbukumbu za vikao vya bodi vya mwaka uliopita, ikiwa chama kinaziruhusu. Ukiona hoja ya wanyama inarudi kikao baada ya kikao, ujue kuna badiliko linalopikwa.
- Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kilicho hai, na leseni ya kaunti au ya mji pale inapotakiwa.
- Namba ya chipu ya mnyama, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi yake. Chipu za kiwango cha kimataifa huwa na tarakimu 15. Hakikisha kwamba namba ya simu iliyoandikishwa nayo ni ya sasa.
- Karatasi ya daktari wa wanyama yenye uzito uliopimwa kwa mizani, aina ya mnyama, rangi na umri, na picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni.
- Bima ya mwenye fleti inayogharamia madhara ambayo mnyama anaweza kuwasababishia watu wengine. Soma masharti yake kwa makini, kwani baadhi ya kampuni huwatoa mbwa wa aina fulani.
- Jina la mtu aliyekubali kumchukua mnyama siku mwenye mnyama atakapolazwa hospitalini. Jengo lisipokuuliza hilo, jiulize mwenyewe.

Hatua za kufuata

1. Soma nyaraka kabla ya kulipa arbuni.

Usiridhike na tangazo la dalali linalosema kuwa wanyama wanakaribishwa. Tafuta vifungu vyenyewe na uweke alama kwenye majibu ya maswali haya: ni wanyama wangapi wanaoruhusiwa kwa kila fleti, ni wa aina gani, kuna ukomo wa uzito au wa urefu, je, ruhusa ni ya wamiliki peke yao au hata wapangaji wamo, na mnyama akifa, unaruhusiwa kuleta mwingine? Swali la mpangaji huwaumbua wengi. Yako majengo ambamo mmiliki anaweza kuwa na mbwa wawili, lakini mpangaji wake kwenye fleti ile ile haruhusiwi hata paka mmoja.

Soma kwa makini namna ukomo wa uzito ulivyoandikwa. Kifungu kikisema pauni 20, yaani kilo 9 hivi, bila kueleza zaidi, mtoto wa mbwa wa pauni 12 anaweza kupita leo na kuwa kosa baada ya miezi sita. Vifungu vilivyoandikwa vizuri hutaja uzito wa mnyama akiwa mkubwa. Ikiwa kifungu chako kiko kimya, mwulize meneja kwa maandishi ni uzito upi unaohesabiwa.

Usitegemee kwamba mahakama itakuonea huruma baadaye. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua kwamba katazo la wanyama lililokuwa limeandikwa kwenye tamko la kondominiamu moja lilikuwa halali na linatekelezeka dhidi ya mmiliki aliyekuwa na paka watatu, ingawa mwenyewe alisema paka wake walikuwa wa ndani na hawakumsumbua mtu. Baadaye jimbo hilo lilitunga sheria inayompa mmiliki haki ya kufuga angalau mnyama mmoja, lakini haki hiyo inahusu nyaraka zilizotungwa au kurekebishwa tangu tarehe 1 Januari 2001, na inaachia chama nafasi ya kuweka masharti ya kuridhisha. Usichukulie kwamba kila jimbo limefuata njia hiyo.

2. Omba jibu kwa maandishi.

Mwandikie meneja wa jengo barua pepe fupi yenye aina ya mnyama, uzito, umri na picha, kisha uulize waziwazi ikiwa mnyama huyo anakubalika kwa nyaraka za sasa. Uliza pia kama kuna mapendekezo yoyote ya kubadilisha kanuni za wanyama ambayo bodi inayajadili. Jibu likija, lichapishe na ulihifadhi pamoja na mkataba. Likiwa ni la kukwepa, kwa mfano "kwa kawaida hatuna shida na jambo hilo", rudia swali mpaka upate ndiyo au hapana. Mkataba wa kununua unaweza kuwekewa sharti kwamba utatekelezwa tu ikiwa mnyama ataidhinishwa. Mwombe wakili wako aliandike sharti hilo.

Tahadhari: muuzaji, dalali na mlinzi wa mapokezi hawana mamlaka ya kukuruhusu chochote. Jirani mwenye mbwa wa pauni 60 pia si ushahidi. Huenda mbwa wake aliingia kabla kanuni haijabadilika, au ni mnyama wa msaada, au ni kosa ambalo bodi haijalishughulikia bado.

3. Amua kama huyu ni mnyama wa kufuga au mnyama wa msaada.

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mnyama wa msaada ni yule anayemsaidia mtu mwenye ulemavu kutokana na ulemavu wake: mbwa anayemwongoza asiyeona, anayemwamsha kiziwi kengele ya moto inapolia, au, kwa upande wa makazi, mnyama ambaye uwepo wake unapunguza dalili za ugonjwa wa akili uliothibitishwa. Sheria ya haki ya makazi inakitaka chama kulegeza kanuni zake kwa kiasi cha kuridhisha ili mtu mwenye ulemavu aweze kuitumia nyumba yake sawa na wengine. Kwa hiyo mkazi mwenye haki hiyo anaweza kupewa ruhusa hata kwenye jengo linalokataza wanyama, na kwa kuwa mnyama wake hahesabiwi kuwa wa kufuga, hatozwi amana ya wanyama wala hafungwi na ukomo wa uzito. Hata hivyo analipa uharibifu uliofanywa na mnyama huyo, anazoa kinyesi kama wengine, na mnyama anayeng'ata watu anaweza kukataliwa.

Ulemavu ukiwa hauonekani kwa macho, bodi inaweza kuomba maelezo ya kuaminika kutoka kwa mtu anayekufahamu kitaalamu, kama vile daktari au mshauri anayekutibu. Barua inayofaa inasema mambo mawili: kwamba una ulemavu kwa maana ya sheria, na kwamba mnyama huyu anakusaidia kwa jambo linalotokana na ulemavu huo. Jina la ugonjwa wako na historia ya matibabu si lazima viwemo, na bodi haina haki ya kukudai faili lako la hospitali.

Tahadhari: usinunue vyeti, kadi wala vizibao kutoka kwenye tovuti zinazodai kuwa ni rejista ya taifa ya wanyama wa msaada. Marekani haina rejista rasmi ya namna hiyo. Cheti kilichonunuliwa kwa dola kadhaa kwa dakika chache hakithibitishi lolote, na baadhi ya majimbo yanaadhibu udanganyifu wa aina hii. Kuzeeka peke yake, au upweke wa kawaida baada ya kufiwa, si ulemavu kisheria. Ikiwa mzazi wako anampenda paka wake lakini hana ulemavu unaohusika, basi paka huyo ni wa kufuga, na njia ya kupita ni ile ya hatua ya kwanza na ya pili.

4. Mwandikishe mnyama.

Majengo mengi yana fomu yake. Ijaze, ambatisha vyeti, lipa ada au amana ukidaiwa, na uombe stakabadhi. Weka kwenye kalenda tarehe ya kuhuisha chanjo, kwa kuwa chanjo iliyopitwa na wakati hugeuza mnyama halali kuwa kosa la kanuni na, katika majimbo mengi, kosa la sheria. Florida, kwa mfano, inataka mbwa, paka na vicheche wa kufugwa wenye miezi minne au zaidi wawe wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Wanyama wadogo wasikupite. Kasuku, samaki na kobe nao wana vifungu vyao. Tanki kubwa la samaki huweza kukatazwa kwa sababu ya uzito wake na hatari ya mafuriko kwenye fleti ya chini. Kuhusu kobe, tangu mwaka 1975 serikali ya shirikisho imekataza kuuza kobe wenye gamba lililo chini ya inchi 4 kama wanyama wa nyumbani, kwa sababu ya bakteria wa salmonela, ambao huwaumiza zaidi watoto wadogo na wazee. Mjukuu akikuletea zawadi ya kobe wa ukubwa huo, una sababu nzuri ya kukataa.

5. Tayarisha fleti.

Anza na sakafu. Kanuni za majengo ya ghorofa mara nyingi zinataka sehemu kubwa ya sakafu ngumu ifunikwe kwa zulia au iwekewe tabaka la kuzuia sauti, na kucha za mbwa juu ya mbao usiku wa manane husikika chini kama mtu anayechapa taipureta. Kata kucha mara kwa mara, na utandike zulia kwenye njia anayopita kati ya kitanda chake na bakuli la maji. Zulia hilo lisiwe dogo na la kuteleza. Kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa kilikadiria, kwa takwimu za miaka ya 2001 hadi 2006, kwamba kila mwaka watu wapatao 86,000 walitibiwa kwenye vyumba vya dharura kwa kuanguka kulikohusiana na mbwa au paka. Wenye miaka 75 na zaidi ndio waliovunjika mifupa zaidi. Kwa mzee, bakuli lililoachwa katikati ya njia ya jikoni ni hatari kuliko kung'atwa. Weka bakuli pembeni ya ukuta, washa taa ndogo ya usiku sebuleni, na mnunulie paka au mbwa mdogo kola yenye njuga ili mwenye nyumba asikie anapomjia miguuni.

Kibaraza ni sehemu inayochanganya watu. Ingawa ni wewe peke yako unayekitumia, kwa kawaida kinahesabiwa kuwa mali ya pamoja iliyotengwa kwa matumizi yako, na kwa sababu hiyo chama kinaweza kukataza kumfunga mbwa hapo, kuweka choo cha paka, au kukosha sakafu kwa maji yanayodondoka kwa jirani wa chini. Kabla ya kuweka wavu wa kuzuia paka asianguke, omba kibali, kwani mwonekano wa nje wa jengo si wako.

6. Zoeza mnyama wiki za kwanza.

Lifti ndiyo mtihani. Subiri mlango ufunguke huku umemshika mbwa kwa kamba fupi, umesimama kando. Ukimkuta mtu ndani, muulize kama mnaweza kuingia, na kama ana kigongo au kitembezi, subiri inayofuata. Ukishaingia, simama kwenye kona huku mbwa akiwa kati yako na ukuta. Hakikisha kamba yote iko ndani kabla mlango haujafungwa, maana kamba iliyobanwa na mlango huku lifti ikiondoka huweza kumnyonga mbwa. Kamba za kujivuta ndani ya kishikio hazifai kabisa kwenye korido za wazee. Uzi wake mwembamba hauonekani vizuri, na hujizungusha kwenye miguu ya mtu kabla hajatambua.

Kisha pima kubweka. Toka kama unayekwenda dukani, acha simu ikirekodi sebuleni, ukae nje nusu saa. Mbwa wengi walionyamaza kwenye nyumba yenye uwanja huanza kulia wanapoachwa kwenye fleti mpya yenye sauti za nyayo mlangoni. Ukisikia kilio, anza kumzoesha kwa kutoka dakika chache tu na kurudi, ukiongeza muda kidogo kidogo. Ni heri ugundue wewe kabla jirani hajapiga simu ofisini.

7. Shika utaratibu wa kinyesi na takataka.

Zoa kila mara, funga mfuko, upeleke kwenye pipa lililotengwa. Usitupe mfuko kwenye bomba la takataka la korido ikiwa kanuni hazisemi kwamba inaruhusiwa, kwa sababu mfuko unaopasuka njiani huacha harufu kwenye ghorofa zote. Mzee ambaye kuinama kunampa kizunguzungu anunue kifaa cha kuzolea chenye mpini mrefu. Tatizo la mgongo halimwondolei wajibu, ingawa anaweza kumlipa mtu wa kumtembezea mbwa.

Mchanga wa choo cha paka unastahili aya yake. Usiumwage chooni, hata kama paketi imeandikwa kwamba unaweza kumwagwa. Mchanga wa udongo unaogandamana umetengenezwa ili uvimbe na kushikana unapokutana na maji, na bomba la maji machafu la kondominiamu ni moja linaloshuka kupitia fleti zilizopangana. Ukiliziba ukiwa ghorofa ya 5, maji yanaweza kufurika kwenye bafu la mtu wa ghorofa ya 2, ambaye hana hata paka. Fundi akitoa donge la udongo bombani, haitachukua muda kujua ni fleti ipi yenye choo cha paka, na bili ya ukarabati inaweza kuletwa kwako. Weka mchanga uliotumika kwenye mifuko miwili, ufunge vizuri, kisha utupe kwenye takataka za kawaida.

Kulisha ndege, bata wa bwawani au paka wasio na mwenyewe ni kosa kwenye majengo mengi, kwa kuwa chakula kinachobaki huita panya. Huko Florida, kuwalisha mamba wa kwenye mabwawa kumekatazwa na sheria ya jimbo, si na kanuni za jengo tu.

8. Panga wageni na wanyama wao mapema.

Kanuni za wageni na za wanyama hukutana pale wajukuu wanapokuja. Angalia vifungu viwili kwa pamoja: kile cha siku ambazo mtu aliye chini ya umri uliowekwa anaruhusiwa kulala, na kile cha wanyama wa wageni. Majengo mengi hukataza mbwa wa wageni moja kwa moja, hata kwa chakula cha jioni. Waambie watoto wako kabla hawajakata tiketi. Jambo zito zaidi ni pale bibi au babu anapolazimika kumchukua mjukuu akae naye moja kwa moja. Hilo halimalizwi na kanuni za wageni, nalo linahitaji wakili kabla mtoto hajahamia.

9. Andika mpango wa dharura.

Karatasi moja inatosha, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na nakala ikae ofisini: jina na simu ya atakayemchukua mnyama, daktari wa wanyama, dawa na chakula chake, na mahali ulipo mkoba wa kumbebea. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakija usiku, hakuna atakayekuwa na muda wa kumtafuta paka chini ya kitanda. Mtu mwenye funguo awe anajulikana. Kwenye maeneo ya vimbunga, uliza kituo kipi cha kaunti kinapokea wanyama. Baada ya kimbunga Katrina, sheria ya shirikisho ya mwaka 2006 ilizitaka mamlaka za majimbo na za maeneo ziwafikirie wanyama wa nyumbani katika mipango yao ya uokoaji, lakini nafasi hujaa na baadhi ya vituo hutaka uandikishwe mapema.

Fikiria pia mnyama anayeweza kukuzidi umri. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Wosia au waraka wa udhamini unaotenga fedha za matunzo yake humpa atakayembeba uwezo wa kufanya kazi hiyo, badala ya kumwachia mzigo.

Mambo yakienda kombo

Umepokea barua ya onyo. Usiipuuze na usiijibu kwa hasira mapokezi. Angalia inataja kifungu gani, tarehe gani na kosa gani, kisha ujibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa. Majimbo mengi yanataka upewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya faini. Florida, kwa mfano, inataka taarifa ya maandishi ya angalau siku 14 na kikao mbele ya kamati ya wamiliki wasio wajumbe wa bodi, na inaweka ukomo wa dola 100 kwa kosa, au dola 1,000 kwa jumla kwa kosa linaloendelea. Nenda kikaoni na vyeti, picha na barua pepe ya ile hatua ya pili.

Jirani analalamika kuhusu kubweka. Mwombe aandike saa anazosikia kwa juma moja, nawe uandike saa unazotoka. Orodha mbili zikiwekwa pamoja huonyesha haraka kama mbwa hulia ukiondoka au kama hubweka mhudumu wa barua anapopita, na dawa ya kila moja ni tofauti. Mara nyingine itaonekana kwamba anayebweka ni mbwa wa fleti nyingine.

Mbwa amenenepa na kuvuka ukomo. Usisubiri akamatwe na mizani ya ofisi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama, upate mpango wa lishe ulioandikwa, na uipe bodi nakala. Bodi nyingi hutoa muda kwa mtu anayeonyesha juhudi. Ikiwa amevuka kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, omba msamaha wa kifungu kwa maandishi kabla hujashtakiwa.

Kanuni zimebadilishwa baada ya wewe kuhamia. Uliza badiliko limefanywa kwenye waraka gani na kwa kura ya nani, na kama wanyama waliokuwepo wameachwa waendelee. Mara nyingi huachwa, lakini kwa yule yule mnyama tu, kwa hiyo hakikisha jina na picha yake vimo kwenye orodha ya siku hiyo. Akifa, usilete mwingine kabla ya kupata barua mpya.

Jirani ana mzio wa manyoya. Tumia mlango wa huduma au lifti nyingine ikiwa zipo, na umwombe meneja abadilishe vichujio vya hewa vya korido. Mnyama wa msaada haondolewi kwa sababu tu mtu mwingine ana mzio. Chama kinapaswa kutafuta namna ya kuwahudumia wote wawili.

Ombi lako la mnyama wa msaada limekataliwa au halijajibiwa. Kwanza andika barua ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya ombi la awali na kuambatisha nakala. Ukimya ukiendelea, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani ndani ya mwaka mmoja tangu ubaguzi unaodaiwa, au kufungua kesi mahakamani ndani ya miaka miwili. Kuwasilisha malalamiko wizarani hakulipiwi, na hakuhitaji wakili, ingawa wakili wa jimbo lako ndiye atakayejua kama kuna njia ya haraka zaidi. Wakati unasubiri, endelea kulipa ada ya kila mwezi kama kawaida, kwa sababu kuizuia humpa mpinzani wako kesi ya pili, tena rahisi kushinda kuliko ya kwanza.